Fidia ya Habré: bilioni 82 kwenye hukumu, laki tisa mkononi

Februari 2024 serikali ya Chad ilianza kuwalipa watu wapatao 10,700 waliotambuliwa kuwa waathirika wa utawala wa Hissène Habré, rais wa zamani wa nchi hiyo, au jamaa za waliokufa. Fungu lote lilikuwa faranga za CFA bilioni 10, na kila mmoja alipangiwa faranga 925,000, kama euro 1,400 hivi. Aliyetoka hai kwenye seli ya chini ya ardhi alipangiwa hizo. Mjane wa aliyefia humo, hizo hizo.

Zaidi ya miaka saba kabla ya siku hiyo, majaji waliomhukumu Habré huko Dakar, mji mkuu wa Senegal, walikuwa wamepanga viwango vingine kabisa. Aliyebakwa au kufanywa mtumwa wa ngono: milioni 20. Aliyeteswa au kuwekwa kizuizini kinyume cha sheria, pamoja na mateka wa vita walionusurika: milioni 15. Ndugu wa waathirika: milioni 10. Mahakama ya rufani ilipojumlisha ikapata bilioni 82.29, takriban euro milioni 125. Kwa hiyo mtu aliyeteswa, ambaye hukumu inamdai Habré milioni 15 kwa niaba yake, alipokea kwanza sehemu moja tu ya kumi na sita, tena haikutoka kwa Habré.

Kesi hii husifiwa sana, na inastahili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama za nchi moja kumshitaki na kumtia hatiani aliyekuwa mtawala wa nchi nyingine kwa makosa ya haki za binadamu, na jambo hilo lilifanyika Afrika, kwa majaji Waafrika, baada ya waathirika wenyewe kuisukuma kesi kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mimi nitaisoma kwa upande usiosifiwa, wa fedha. Ninachokiona ni kwamba mahakama hii ilijua kuhesabu waathirika kuliko mahakama nyingi zilizotangulia, lakini ilipofika kwenye swali la nani analipa, ilimtaja mtu ambaye mali yake haikuonekana, kisha ikaukabidhi mzigo huo kwa mfuko ambao haukuwepo.

Turudi nyuma kidogo. Habré aliingia madarakani Juni 1982, akapinduliwa na Idriss Déby tarehe 1 Desemba 1990, akakimbilia Senegal. Chombo chake cha mateso kilikuwa idara ya usalama iliyojulikana kwa herufi tatu, DDS, iliyokuwa na vituo kadhaa vya kuzuilia watu mjini N'Djamena. Kimoja kiliitwa La Piscine, yaani bwawa la kuogelea, na kweli kilikuwa bwawa: lilijengwa zama za ukoloni kwa familia za wanajeshi wa Kifaransa, likafunikwa zege na kugawanywa seli. Tume ya uchunguzi ya Chad iliyotoa ripoti mwaka 1992 ilikadiria kwamba waliouawa walifika 40,000.

Kadirio hilo si orodha, na fidia hailipwi kwa kadirio. Tume iliweza kutaja kwa majina wafu 3,780 tu, ikaamini kuwa hao ni kama sehemu ya kumi ya wote. Mbele ya jaji wa fidia, waliobaki kati ya 3,780 na 40,000 ni kama hawapo. Huzuni yao ipo na historia inawajua, ila mahakama hailipi mtu asiye na jina.

Ndiyo maana napenda kukumbuka kwamba mmoja wa watu walioianza kazi hii alikuwa mhasibu. Souleymane Guengueng alikuwa akifanya kazi katika Tume ya Bonde la Ziwa Chad alipokamatwa mwaka 1988. Ndani aliapa kwamba akitoka hai atatafuta haki. Habré alipoanguka akatoka, na pamoja na wenzake wakaanza kupita kwa walionusurika na kwa wajane, wakijaza fomu: nani alikamatwa, lini, na nani, alipelekwa wapi. Walipata ushuhuda wa watu 792. Vitisho vilipozidi, Guengueng alizificha karatasi hizo kwa miaka. Mwaka 2000, kesi ya kwanza ilipofunguliwa Dakar, karatasi hizo ndizo zilizokuwa msingi.

Mwaka uliofuata watafiti wa Human Rights Watch waliingia katika ofisi zilizotelekezwa za DDS na kukuta nyaraka zimetapakaa sakafuni: orodha za wafungwa, taarifa za mahojiano, vyeti vya vifo. Uchambuzi wa nyaraka hizo ulitoa majina ya waathirika 12,321, wakiwamo 1,208 waliofia kizuizini. Hapo mzani wa ushahidi ukageuka. Ushuhuda wa mwathirika hupingwa kwa kusema ana maslahi, lakini rejista ya mtesaji mwenyewe, yenye tarehe na saini, ni vigumu kuipinga.

Safari ya kisheria ilikuwa ndefu na ya kuchosha, nitaikata. Senegal ilimfungulia Habré mashitaka Februari 2000, kisha mahakama zake zikasema hazina mamlaka. Waathirika wakaenda Ubelgiji, ambayo ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika uliitaka Senegal imshitaki "kwa niaba ya Afrika". Miaka ikapita. Tarehe 20 Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Senegal imshitaki bila kuchelewa au imkabidhi, na mwezi mmoja baadaye Senegal na Umoja wa Afrika wakakubaliana kuunda mahakama maalumu ndani ya mfumo wa mahakama za Senegal. Kesi ilianza kusikilizwa Julai 2015. Habré aligoma kuitambua, akaletwa ukumbini kwa nguvu, akakaa kimya. Tarehe 30 Mei 2016 alipewa kifungo cha maisha.

Sasa fidia.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anahitaji kitu kimoja hapa ili aelewe. Kwetu mwathirika wa jinai kwa kawaida ni shahidi wa Jamhuri. Anatoa ushahidi, anarudi kukaa, na kama mahakama itaamuru fidia, itaamuru mwishoni, mara nyingi kwa mstari mmoja chini ya adhabu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaamuru kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kubaka alipe na fidia, lakini hakimu anakisia tu kiasi, kwa kuwa hakuna aliyeleta hesabu. Mfumo wa Senegal umerithiwa kwa Wafaransa: mwathirika anaingia ndani ya kesi ya jinai kama mdai, ana wakili wake, anauliza mashahidi maswali, na anaweza kukata rufani kuhusu fidia hata kama hana la kusema juu ya kifungo. Dakar waliojiandikisha hivyo walikuwa zaidi ya 4,000. Wakili aliyeongoza timu yao, Jacqueline Moudeina wa Chad, alikuwa na vipande vya guruneti mguuni tangu 2001, aliposhambuliwa katika maandamano N'Djamena.

Uamuzi wa kwanza wa fidia ulitoka tarehe 29 Julai 2016, miezi miwili baada ya hukumu. Uliweka makundi matatu na viwango nilivyovitaja juu, lakini haukusema kwa majina nani yuko kundi gani. Ni uamuzi wa haraka, na kwa maoni yangu ni dhaifu: amri ya kulipa isiyotaja mlipwaji haikaziki, yaani haitekelezeki. Anayekazia hukumu lazima aende na jina na kiasi.

Mahakama ya rufani ililirekebisha hilo, na hapa nawavulia kofia. Tarehe 27 Aprili 2017, chini ya Jaji Wafi Ougadeye wa Mali, ilithibitisha kifungo cha maisha, kisha ikakaa na orodha. Majina 7,396 yakakubaliwa, kila moja na haki yake. Wengine 3,489 ambao vielelezo vyao havikutosha hawakufukuzwa. Waliachiwa mlango: walete vitambulisho na uthibitisho, nao wataingizwa. Mahakama iliyokuwa inajua kwamba itavunjwa baada ya rufani hiyo ilikuwa inaacha kazi kwa mtu mwingine, na iliandika wazi ni kazi gani.

Rufani hiyo ilifanya jambo jingine ambalo wengi walilipokea kwa uchungu. Ilimwachia Habré katika shitaka la kubaka yeye mwenyewe kwa mkono wake. Majaji walieleza kwamba tuhuma hiyo ililetwa kwa kuchelewa, haikuwa kwenye hati ya mashitaka, na kwamba hawakuwa wakitilia shaka ukweli wa shahidi. Kwa mwanasheria maelezo hayo yanatosha. Kwa mwanamke aliyesimama mbele ya ukumbi mzima na kusema, sijui. Makosa ya ubakaji na utumwa wa ngono uliofanywa na watu wa Habré yalibaki kwenye hukumu, na pamoja nayo kiwango cha milioni 20.

Tuseme wewe ni mmoja wa wale 7,396. Una hukumu ya mwisho, haina rufani nyingine, jina lako limo. Unamkamata nani?

Wa kwanza ni Habré. Tume ya 1992 iliandika kwamba aliondoka na fedha za hazina ya taifa, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliishi Dakar bila kuonekana mtu wa shida. Lakini mali iliyoweza kuzuiliwa wakati wa upelelezi ilikuwa nyumba katika mtaa wa Ouakam na akaunti za benki zenye fedha kidogo. Dhidi ya deni la bilioni 82, hiyo ni kama kuchota bahari kwa kijiko. Mtu anayejua kwamba anatafutwa tangu mwaka 2000 ana muda wa kutosha wa kuweka mali kwenye majina ya watu wengine, na upelelezi wa fedha ulianza 2013 tu. Kama kuna kosa moja la mwanzo ambalo ningelitaja, ni hilo: zuio la mali lilipaswa kuombwa siku ileile shitaka la kwanza lilipofunguliwa, kwa sababu kesi ya fidia isiyoanza na zuio la mali huishia kwenye mnada usio na kitu cha kunadi.

Habré alifariki Dakar tarehe 24 Agosti 2021, baada ya kuugua Covid-19. Watu wengi walidhani na deni limezikwa naye. Siyo. Kifungo hufa na mfungwa, lakini fidia iliyokwisha kuamuliwa kwa hukumu ya mwisho ni deni kama deni lolote, nalo hukaa juu ya mirathi. Shida ni ileile ya mwanzo: mirathi ipi?

Wa pili ni mfuko. Mahakama ya rufani iliukabidhi mfuko wa waathirika, utakaoundwa chini ya Umoja wa Afrika, kazi ya kutafuta mali za Habré, kuomba michango kwa nchi na wahisani, kuwapokea wale 3,489 na kulipa. Umoja wa Afrika uliridhia sheria ya mfuko huo mapema 2018 na ukaahidi dola milioni 5 za kuanzia. Piga hesabu: kwa viwango vya wakati ule hazifiki asilimia 4 ya deni. Na ahadi yenyewe ilibaki kwenye vikao. Malipo ya Februari 2024, ya kwanza waathirika kuyaona, hayakutoka kwenye mfuko huu.

Hapa kuna jambo linaloniudhi. Bajeti ya kuendesha kesi yote ilikuwa euro milioni 8.6, na wachangiaji walipatikana: Chad, Umoja wa Afrika, Umoja wa Ulaya, nchi kadhaa za Ulaya, Marekani. Kuchangia kesi ni rahisi kueleweka. Inaanza, inaisha, kuna picha ya mshitakiwa kizimbani. Kuchangia fidia ni kulipa deni la mtu mwingine, na hakuna waziri wa fedha anayekwenda bungeni kwake kuomba fedha za hivyo kwa furaha. Waliounda mahakama walilijua hili, maana sheria iliyoiunda ilitaja mfuko tangu mwanzo. Hawakuweka fedha ndani yake.

Wa tatu ni serikali ya Chad, na hapa kisa kinazidi kuwa kigumu kwa sababu kuna hukumu mbili. Wakati Dakar wakijiandaa, mahakama ya N'Djamena iliwahukumu maofisa 20 wa zamani wa usalama tarehe 25 Machi 2015, na kuamuru fidia ya bilioni 75 kwa waathirika wapatao 7,000. Nusu ilipwe na wafungwa hao, nusu na serikali. Iliamuru pia mnara wa kumbukumbu ujengwe ndani ya mwaka mmoja, na jengo la zamani la DDS ligeuzwe makumbusho. Mwaka ukapita, mnara hakuna. Novemba 2017 mawakili wa waathirika wakapeleka malalamiko katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Kimantiki, hukumu ya N'Djamena ilikuwa bora kuliko ya Dakar, kwa kuwa ilimtaja mlipaji ambaye yupo, ana kodi, ana mafuta, na hawezi kufa kwa Covid. Dakar haikuweza kufanya hivyo, kwa kuwa iliundwa kuhukumu watu, si dola. Lakini mlipaji aliyepo naye ana kinga yake. Sheria za kukazia hukumu katika nchi za eneo hilo haziruhusu kukamata mali ya umma, kwa hiyo dalali wa mahakama hawezi kupeleka magari ya wizara mnadani. Serikali hulipa inapoamua kulipa. Na Déby, aliyeitawala Chad hadi kifo chake mwaka 2021, aliwahi kuwa mkuu wa majeshi wa Habré, jambo lililofanya kila swali la "dola ilijua nini" liwe na miiba.

Kwa kulinganisha, tazama Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague. Nayo hukutana na wafungwa wasio na kitu. Desemba 2017 iliamua kwamba Thomas Lubanga, aliyeingiza watoto jeshini huko Ituri, Kongo, anawajibika kwa dola milioni 10. Lakini mahakama ile ina mfuko wake wa waathirika ulioagizwa na mkataba uleule ulioiunda mahakama, wenye bodi na wafanyakazi kabla ya hukumu yoyote. Na tarehe 28 Februari 2024, siku chache tu baada ya malipo ya Chad kuanza, iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, kwa waathirika wanaokadiriwa kukaribia 50,000: euro 750 kwa kila mmoja kama ishara, pamoja na huduma za pamoja za matibabu na urejeshwaji katika maisha. Nako fedha ni za kutafutwa.

Euro 750 kwa aliyetekwa na waasi wa LRA, dhidi ya euro 22,900 hivi kwa aliyeteswa na DDS. Ukiangalia hukumu peke yake, Dakar iliheshimu maumivu zaidi. Ukiangalia mkono wa mlipwaji, hakuna hata mmoja wa wale 7,396 aliyezishika hizo 22,900. Mimi bado siko tayari kusema majaji wa Dakar walikosea kuweka viwango vile. Kiasi cha fidia ni sauti ya mahakama kuhusu uzito wa kosa, na kukishusha kwa sababu mkosaji alificha mali ni kumpa mkosaji punguzo. Ila wangeweza kupanga utaratibu: wazee na wagonjwa kwanza, malipo ya awali kwa kundi la milioni 20, kisha wengine kadiri mfuko unavyojaa. Hukumu isiyo na foleni humwacha kila mtu mlangoni kwa wakati mmoja, na wengi wa hawa walikuwa wazee tayari siku ilipotolewa.

Malipo ya 2024 yalifanya kinyume chake: yalisawazisha. Yule wa milioni 20, yule wa milioni 15 na yule wa milioni 10 wote walipangiwa 925,000. Naelewa kwa nini. Kugawa kwa usawa ni haraka, na hakuleti ugomvi wa nani aliumia zaidi kama ambavyo kuwalipa wachache kwanza kungeuleta. Hata hivyo, kazi yote ya kuwapanga waathirika kwa makosa waliyotendewa, kazi iliyoanza na fomu 792 zilizofichwa, haikuonekana kwenye malipo hayo.

Limebaki swali ambalo wakili wa mlipwaji anapaswa kuliweka kwenye maandishi: hizo 925,000 zinakatwa kwenye hukumu ipi, ya 2015 au ya 2017? Zikikatwa kwenye ile ya N'Djamena, deni la Dakar bado ni zima. Zikikatwa kwenye ile ya Dakar, kanuni ya kawaida ya madeni ni kwamba malipo ya sehemu hayafuti salio, isipokuwa mdai amesaini kwamba ameridhika. Aliyeteswa na ambaye hakusaini hivyo anadai faranga 14,075,000.